Umemeza diklo miaka miwili, sasa unaambiwa damu imepungua: maswali na majibu

Kuna mama anauza omena Kibuye hapa Kisumu, goti lilimsumbua muda mrefu na kila Jumamosi alikuwa anapitia chemisti ninakofanya kazi, tunamwekea diklo (diklofenaki, tembe za maumivu) za wiki nzima kwa kabahasha ka kaki anaenda. Baadaye akaanza kulalamika malaria haimwishi, akibeba karai kidogo tu anahema, alafu ana hamu ya kutafuna odowa (ule udongo mgumu wa kula) kutwa nzima. Siku hiyo nikamwambia mama hebu nione jicho, nikavuta kope la chini, ndani kweupe kama unga. Malaria alipopimwa hana, Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikatoka 6.8, chini sana. Maswali aliyouliza yeye na binti yake ndiyo naulizwa kila siku, kwa hivyo nayajibu hapa.

Dawa ya maumivu inamalizaje damu na mimi sijakatwa popote?

Diklofenaki, aibuprofeni, aspirini, indomethasini, hizi zote zinatuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Shida ni kwamba kemikali hizohizo ndizo zinasaidia tumbo kutengeneza ute wa kujikinga na asidi yake. Ukizizuia kila siku ukuta wa tumbo unabaki wazi, unachubuka, vidonda vinaanza na damu inavuja polepole. Hata utumbo mdogo unaweza kuvuja hivyohivyo.

Mbona sijawahi kuona damu kwa choo?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mililita moja ya damu ina kama miligramu 0.5 za madini ya chuma, na mwili kwa kawaida unafyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka kwa chakula. Sasa ukivuja kijiko kimoja tu cha chai kwa siku, yaani mililita 5, umepoteza miligramu 2.5 za chuma, na choo kinaonekana kawaida kabisa! Deni linakua mwezi baada ya mwezi, mwili unamaliza akiba yake kwanza, alafu ndio unaanza kuchoka, kizunguzungu, moyo kudunda, viganja kupauka. Na kwa sababu huku kwetu malaria ni ya kila mara unameza dawa ya malaria unangoja upone.

Lakini mimi humeza baada ya kula. Ama nidungwe sindano?

Kula kwanza kunapunguza kiungulia, hakuzuii vidonda. Dawa ikishaingia kwa damu inazunguka mpaka inarudi kwa ukuta wa tumbo, ndio maana hata sindano ya diklo haikuokoi.

Na parasetamoli?

Hiyo ni tofauti, haichubui tumbo vile. Mtu mzima asipitishe tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24, na kama ini lina shida ama unakunywa pombe sana, ongea na daktari kwanza. Lakini soma pakiti tafadhali, kuna tembe za dukani zimechanganya parasetamoli na aspirini na watu wanazimeza wakidhani ni parasetamoli tupu.

Nikunywe juisi ya bitiruti damu irudi?

Bitiruti ni nyekundu lakini madini ya chuma yake ni kidogo. Omena, maini, nyama, maharagwe zinasaidia zaidi, na chai ya majani usiinywe pamoja na chakula manake inazuia chuma kufyonzwa. Lakini hata ule vizuri aje, kama bado unameza diklo ni kama kujaza mtungi umetoboka chini. Daktari lazima atafute mahali panapovuja, apime bakteria ya H. pylori inayoleta vidonda vya tumbo, akupe dawa ya kupunguza asidi kama omeprazole, na tembe za chuma ambazo utaendelea nazo kama miezi 3 baada ya Hb kurudi sawa ili akiba ijae. (Tembe hizo zinafanya choo kuwa cheusi, hiyo isikuogopeshe.)

Ni lini nikimbie hospitali?

Choo kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kinanuka vibaya, hata kama unameza tembe za chuma. Ukitapika damu ama kitu kama machicha ya kahawa. Ukizirai. Usingoje asubuhi, tafuta gari usiku huohuo. Wazee, waliowahi kuwa na alsa (vidonda vya tumbo), wanaotumia prednisolone (dawa ya steroidi) ama warfarin (ya kuzuia damu kuganda), nyinyi msinunue hizi dawa bila kuuliza kabisa. Na kama aspirini umepewa kwa sababu ya moyo usiiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Sasa goti litulie aje?

Yule mama anapaka jeli ya diklo kwa goti, kiasi kinachoingia kwa damu ni kidogo sana, na anafanya mazoezi ya paja aliyofundishwa na fiziotherapisti. Stuli yake fupi ameibadilisha na kiti kirefu ndio asikunje goti sana akipima omena. Wiki jana Hb ilikuwa 11.2, bado haijafika 12 tunayotaka kwa mwanamke, na tembe za chuma bado anameza.