Je, kanisa litawatunza maskini wote? Dhana na ukweli

Wakristo wengi wanatamani jamii inayoongozwa na Neno: serikali ndogo, familia imara, na maskini wakitunzwa na kanisa badala ya ofisi ya ustawi wa jamii. Shauku hiyo naiheshimu. Lakini mipango mingi inayotolewa kuhusu jamii ya namna hiyo ina mapengo, na watakaoumia kwanza ni wajane, yatima na wagonjwa.

Dhana: Katika Biblia, kumsaidia maskini ni hiari tu.

Torati iliweka jambo hili katika sheria. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni au kuokota masazo, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Sura inayofuata inafuta madeni kila mwaka wa saba.

Mtazame Ruthu, mjane na tena Mmoabi. Kuokota nyuma ya wavunaji kulikuwa haki ya watu kama yeye. Boazi akaongeza la kwake: aliwaagiza vijana wachomoe masuke katika matita na kuyaacha chini makusudi. Jioni Ruthu alipopura, alipata kama efa moja ya shayiri, takriban lita 22. Ukarimu wa Boazi ulikuja juu ya sheria, haukuchukua nafasi yake.

Dhana: Asiyefanya kazi asile, kwa hiyo msaada hulea uvivu.

Kwa maneno hayo ya "asile" Paulo aliwakemea watu wazima wenye nguvu waliokaa bure na kujiingiza katika mambo ya wengine. Kulitumia andiko hilo dhidi ya mgonjwa au mama anayelea peke yake ni kulionea andiko na kumwonea mtu.

Dhana: Penye upendo hapahitajiki utaratibu.

Hata kanisa la Yerusalemu, mitume wakiwapo, liliteleza hapa. Matendo 6 inasimulia jinsi wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walivyosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji waombe zaidi. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Baadaye 1 Timotheo 5 inataja orodha ya wajane, umri wa kuandikwa (miaka 60), na wajibu wa jamaa kutangulia kutoa. Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa likitunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Watu wote hao hawawezi kulishwa bila daftari na wasimamizi.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Chukulia mjane wa miaka 52 aliyekosana na mzee wa kanisa, na mzee huyo ndiye mwenye ufunguo wa ghala. Je, atakata rufaa wapi? Jamii isiyo na jibu la swali hilo imemweka maskini mikononi mwa mtu mmoja.

Dhana: Sadaka ya kanisa ni ya washirika tu.

Kaisari Juliani wa Roma, aliyeuchukia Ukristo, alilalamika mwaka 362 kwamba Wakristo walilisha maskini wao na wa wapagani pia. Miaka michache baadaye Askofu Basili wa Kaisaria alijenga makao ya wagonjwa, wakoma na wasafiri.

Dhana: Wakristo wahafidhina wameukataa mkono wa serikali tangu zamani.

Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1601 ilizitaka parokia zitoze kodi kwa ajili ya wahitaji, kwa sababu michango ya hiari haikutosha. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alitetea mali binafsi na papo hapo akasema serikali ina wajibu wa kumlinda mfanyakazi.

Sababu ya michango ya hiari kutotosha ni rahisi kuiona. Ukame au ukosefu wa kazi unapoingia, humpiga mtoaji na mpokeaji kwa pamoja. Sadaka hupungua wiki ileile foleni inaporefuka. Parokia ya maskini ina wahitaji wengi na watoaji wachache. Paulo alilijua hilo, ndiyo maana alikusanya michango Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Wanaotaka kanisa libebe mzigo huu waanze na mfuko wa namna hiyo, unaovuka mipaka ya usharika, wenye hesabu zinazokaguliwa, kabla hawajaifunga ofisi ya ustawi wa jamii.