Si kila foku huzaa sarafu mpya

Wengi hudhani kila foku (badiliko la sheria) ya blokucheni, daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi, huzaa sarafu mpya ya kidijitali. Sivyo. Foku laini hukaza sheria: bloku (fungu la miamala) iliyo halali kwa sheria mpya hukubaliwa pia na nodi (kompyuta za mtandao) zenye programu ya zamani, ndiyo maana sasisho la Taproot liliingia Bitcoin Novemba 2021 bila mgawanyiko. Foku ngumu hulegeza sheria, na nodi za zamani huikataa bloku mpya. Hata hapo, wote wakisasisha programu, mnyororo wa bloku hubaki mmoja. Sarafu ya pili huja kundi moja linapogoma kusasisha na kila upande ukaendelea na mnyororo wake, kama ilivyokuwa kwa Bitcoin Cash, Agosti 2017: bloku iliyozidi MB 1 ilikataliwa na nodi za zamani. Hapo kuwa mwangalifu sana: pasipo kinga, muamala uliosainiwa upande mmoja unaweza kurudiwa upande wa pili, na salio likaondoka kote kuwili.