Vifaa vitatu tu? Dhana potofu kuhusu ukomo wa vifaa vya uchawi mezani

Mhusika ana pete kila kidole, hirizi tatu shingoni, joho juu ya joho, na upanga unaowaka moto. Wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, humtania kwamba amegeuka mti wa Krismasi. Ukomo wa vifaa vya uchawi umewekwa kwa ajili ya watu kama yeye, lakini sisi tunaosimamia michezo ya kuigiza wahusika huunukuu ndivyo sivyo, tena kwa kujiamini.

Dhana: mhusika haruhusiwi kumiliki zaidi ya vifaa vitatu

Hili ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote. Katika toleo la tano, la 2014, tatu ni idadi ya vifaa ambavyo mhusika anaweza kufungamana navyo, yaani kujiunganisha navyo ili uchawi wake umtii, kwa wakati mmoja, na si kila kifaa kinadai kufungamana. Dawa za kunywa hazidai. Begi linalomeza shehena nzima halidai. Upanga wenye nyongeza tupu ya +1 kwenye kete haudai. Mwenye mkokoteni na aujaze. Kanuni haihesabu mali, inahesabu vifaa hivyo maalumu vinavyofanya kazi pamoja.

Kufungamana kwenyewe huchukua mapumziko mafupi, yaani saa nzima ya kukielekezea kifaa akili, kwa hiyo mchezaji hawezi kubadilisha pete katikati ya vita. Fungamano hukatika mhusika akifa, mwingine akifungamana na kifaa hicho, au kikikaa mbali naye zaidi ya futi 100 kwa saa 24. Mwizi anayejua hesabu hiyo ni adui mtamu sana. Sijui kwa nini wasimamizi wengi hawamtumii.

Dhana: ukomo wa vitatu unatosha kumzuia mhusika asipate nguvu za kupindukia

Tupige hesabu. Deraya nzito ya bamba hutoa kiwango cha ulinzi cha 18, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa kete na nyongeza zake ili ampige. Iwe ya uchawi wa +3, tunafika 21. Ngao huongeza 2, na ikiwa nayo ni ya +3, tunafika 26. Hadi hapo hajatumia hata nafasi moja kati ya tatu! Akifungamana na pete ya ulinzi na joho la ulinzi, kila kimoja humwongezea 1: jumla 28, na nafasi moja bado ipo. Goblini wa kawaida huongeza 4 kwenye kete yake ya pande 20, hivyo humpata shujaa huyu kete inapoangukia 20 tu, kwa kuwa 20 hupiga daima.

Aliyempa deraya na ngao hizo ni msimamizi, si kanuni. Niliwahi kuilaumu kanuni kwa miezi kadhaa kabla sijakubali kwamba mkono uliokuwa ukigawa hazina ulikuwa wangu.

Dhana: zamani hapakuwa na mipaka

Ilikuwepo. Kitabu cha wachezaji cha AD&D, toleo la awali la mchezo huo, cha 1978 kilimruhusu paladini, shujaa mtakatifu, vifaa vya uchawi kumi tu: deraya moja, ngao moja, silaha nne na vinginevyo vinne. Toleo la tatu, la 2000, lilihesabu sehemu za mwili: kichwa, shingo, kiuno, miguu, pete mbili na kadhalika. Lakini toleo hilo pia lilipanga utajiri unaotarajiwa kwa kila ngazi, na majini yakapimwa dhidi ya wahusika waliokwisha kuvaa. Matokeo yake, sehemu tupu ya mwili ilionekana kama pengo la kuzibwa, na ukomo ukageuka orodha ya manunuzi. Mti wa Krismasi ulistawi ndani ya mipaka.

Dhana: ni adhabu kwa mchezaji

Muulize fundi wa uchawi, aina mojawapo ya wahusika wa toleo la tano. Akifika ngazi ya 10 hufungamana na vifaa vinne, ya 14 vitano, ya 18 sita. Kwake nafasi ya ziada ni tuzo, na isingekuwa tuzo kama kila mtu angevaa apendavyo.

Dhana: kubana zaidi ni bora zaidi

Watungaji wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, walijaribu. Katika majaribio ya toleo la pili, 2018, kila mhusika alipewa akiba ya pointi za siku za kutumia vifaa vya uchawi, na hata kunywa dawa ya kuponya kulikula pointi. Wachezaji walinung'unika, na kwa haki: nani anataka kufa akiwa na chupa ya dawa mkononi? Kitabu kilipotoka 2019, akiba hiyo haikuwemo. Kilichobaki ni ukomo wa vifaa kumi vya kuvaliwa kwa siku, dawa zikiachwa huru.

Njia ninayoipenda mimi ni ya mchezo mwingine, 13th Age. Humo kila kifaa halisi cha uchawi kina tabia yake, na idadi unayoimudu inalingana na ngazi yako. Ukizidisha hakuna anayekukataza, ila tabia za vifaa huanza kukutawala: upanga unataka ugomvi, kofia inataka sifa, na msimamizi anakutazama akingoja uzungumze kwa sauti ya nani.