Mtoto mkubwa anayeanza kuogelea: pumzi kwanza, mikono baadaye

Mtoto wa miaka 4 huingia bwawani bila kujua la kuogopa. Wa miaka 11 anajua. Amesikia habari za waliozama, pengine amewahi kunywa maji mtoni, na anaona kabisa kwamba wenzake wanamtazama. Wazazi wengi hudhani muda umeshapita. Haujapita. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wafundishwe kuogelea na usalama wa majini kuanzia umri wa shule, yaani miaka 6 na zaidi. Mtoto wa miaka 9 hadi 14 ana faida zake pia: anaelewa maelezo, anaweza kuhesabu pumzi zake, na miguu yake inagusa chini mahali ambapo mdogo wake angebebwa.

Kinachomkwamisha ni hofu na aibu. Usimchanganye na watoto wa miaka 5. Tafuta wanaoanza wa rika lake, wasiozidi watano au sita kwa mwalimu mmoja. Na ile desturi ya kumsukuma mtoto kwenye kina kirefu "atajifunza mwenyewe" iachwe kabisa. Maji yakimpiga usoni ghafla, mwili huvuta pumzi bila kumuuliza. Maji yakifika kooni, koo hujifunga, naye hukohoa na kuvuta tena. Hapo amejifunza jambo moja tu, kwamba maji yanakaba, na mwalimu atakayemfuata atatumia wiki nyingi kulifuta.

Kabla ya somo la kwanza, mwambie mwalimu kuhusu afya ya mtoto. Mwenye kifafa aingie majini kwa ushauri wa daktari, na awepo mtu mmoja anayemwangalia yeye peke yake. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta pembeni mwa bwawa, si ndani ya gari. Mwenye selimundu (sikoseli) anaweza kuogelea, ila baridi huweza kumwamshia maumivu: achague maji ya vuguvugu, anywe maji ya kutosha, na akitoka ajifute na kuvaa nguo kavu papo hapo. Sikio linalotoa usaha au lililotoboka ngoma lionwe na daktari kwanza. Chakula chepesi saa moja au mbili kabla hakina tatizo.

Mavazi yabane mwili. Fulana pana ya pamba na bukta ya jinzi hujaa maji na kumvuta mtoto chini. Msichana anayejistiri avae vazi refu la kuogelea linalofunika hadi kichwa, lililoshonwa kwa kitambaa kisichonyonya maji. Kanga na baibui zibaki ukumbini. Aliyesuka alowanishe nywele kwa maji safi kabla ya kuvaa kofia, maana nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinywi sana yale yenye klorini. Kwa wasichana waliovunja ungo, mwalimu aweke utaratibu wa kukaa nje ya maji siku za hedhi bila kuulizwa mbele za watu. Pedi ya kawaida hujaa maji ya bwawa na haifanyi kazi tena. Jambo hili dogo huweza kumwondoa msichana darasani.

Mahali pazuri pa kuanzia ni bwawa lenye maji ya kati ya kiuno na kifua cha mtoto. Simama ukingoni utazame chini: kama huoni vizuri chujio la sakafu kwenye kina kirefu, rudi nyumbani, kwa sababu mtoto aliyezama hapo hataonekana pia. Baharini chumvi husaidia kuelea, lakini maji ya Pwani yetu hupwa na kujaa kwa mita kadhaa, hasa wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), hivyo kina cha saa nne asubuhi si kile cha saa saba mchana. Kandokando ya Ziwa Victoria, maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho.

Sasa somo lenyewe. Siku za mwanzo mikono haina kazi kubwa. Kazi ni pumzi. Mtoto ashike ukingo, avute hewa kwa mdomo, aingize uso majini na kutoa mapovu polepole kwa pua na mdomo mpaka hewa ikaribie kwisha, ainue uso, avute, arudie. Anayelalamika kuwa maji yanampanda puani aambiwe avumishe "mmm" akiwa chini: hewa ikitoka puani, maji hayaingii. Kosa la karibu kila anayeanza ni kubana pumzi akiwa chini, halafu akiinua uso anataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Nafasi haitoshi, anavuta nusu, na baada ya pumzi tatu anahema kama aliyekimbia mlima. Wengi hudhani hana nguvu, kumbe hajatoa hewa. Mtoto asiyeweza kurudia zoezi hili mara 10 mfululizo kwa utulivu hajawa tayari kwa hatua nyingine, hata wenzake wawe wameshamtangulia.

Inayofuata ni kuelea, na hapa walimu wengi huruka kitu muhimu: namna ya kurudi kusimama. Mtoto aliyelala kifudifudi bila kujua atasimamaje hukakamaa, na aliyekakamaa hutupa kichwa nyuma, miguu ikashuka, akaanza kurusharusha mikono. Basi mfundishe kusimama kwanza. Akiwa kifudifudi, avute magoti kifuani, asukume maji chini kwa viganja, ainue kichwa, ndipo ashushe nyayo. Akiwa chali, alete kidevu kifuani na magoti tumboni, mikono ikisukuma maji kutoka nyuma kuja mbele. Akishajua kwamba kutoka kuko mikononi mwake, mwili hulegea wenyewe.

Mapafu yaliyojaa huwaelesha watu wengi. Yaliyotolewa hewa huwazamisha. Mruhusu mtoto ajaribu vyote viwili katika maji ya kifua ili aone tofauti. Kwa wavulana wembamba, miguu hushuka hata mapafu yakijaa, kwa kuwa hewa iko kifuani na uzito uko nyongani na miguuni. Hilo si kosa lake. Anyooshe mikono kupita kichwa, na miguu itapanda kidogo. Akielea chali, masikio yawe ndani ya maji na macho yatazame juu. Kichwa kikiinuliwa tu, nyonga huzama.

Baada ya hapo mambo huenda kwa kasi. Asukume ukuta kwa nyayo na kuteleza uso ukiwa majini, mita 3 hadi 5. Aongeze miguu: mapigo yatoke nyongani, vifundo vikiwa vimelegea. Anayekunja magoti kama anaendesha baiskeli atatoa povu jingi na kubaki palepale. Mikono ije mwisho, na pumzi ichukuliwe kwa kugeuza uso pembeni, shavu moja likibaki majini. Maboya ya kupuliza ya mikononi hatuyapendekezi, kwani humzoesha mtoto kukaa wima, mkao ambao ndio wa kuzama. Vipindi vya dakika 30 hadi 45, mara mbili au tatu kwa wiki, vinashinda saa mbili za Jumamosi peke yake.

Lini useme anajua? Si siku aliyovuka upana wa bwawa akihema. Kipimo kizuri ni cha Msalaba Mwekundu wa Marekani: aingie kwenye maji yanayompita kimo, arudi juu, aelee au akanyage maji (abaki wima kichwa kikiwa juu kwa kuchezesha miguu na mikono) kwa dakika moja, ageuke mzunguko mzima, aogelee kama mita 23, na atoke bila ngazi. Hata akifaulu yote hayo, kwenye mtumbwi avae jaketi okozi.

Watoto wakubwa wana hatari mbili zao ambazo wadogo hawana. Ya kwanza ni mashindano ya kukaa chini ya maji. Anayehema haraka haraka kabla ya kupiga mbizi hupunguza hewa ukaa mwilini, na hewa hiyo ndiyo inayompa mtu hamu ya kuvuta pumzi. Oksijeni inaweza kwisha kabla hamu haijaja, akazimia kimya kimya hata kwenye maji ya kiuno. Pigeni marufuku.

Ya pili ni kujirusha kumwokoa mwenzake. Aliyeanza kuogelea juzi hawezi kumbeba anayezama. Atakumbatiwa na kushushwa naye. Apige kelele kuita watu wazima, alale kifudifudi ukingoni na kumfikishia mti au kanga, au arushe dumu tupu. Dumu la lita 5 lililofungwa kifuniko barabara linabeba karibu kilo 5, zinazotosha kushikilia kichwa juu ya maji. Liwekwe maji kidogo ndani ili liruke mbali, lifungwe kamba, na lirushwe lipite mtu aliye majini, kisha livutwe mpaka limfikie mkononi.