Maunzi sawa: usawa wa nini katika sataranji ya kompyuta?

Katika mashindano ya sataranji baina ya kompyuta, "maunzi sawa" ni sharti kwamba kila programu icheze kwenye mashine ya nguvu ileile: prosesa ileile, kumbukumbu ileile. Sharti likiwepo, kinachoshindana ni programu tu. Lisipokuwepo, kila timu huja na mashine yake, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Ubingwa wa dunia ulipoanza Stockholm mwaka 1974, usawa wa namna hiyo haukuwezekana. Kompyuta zilikuwa mitambo mikubwa iliyobaki ilikokuwa, na hatua zikipitishwa kwa simu. Mwaka 1980, kule Linz, ubingwa ulichukuliwa na Belle, ambayo Ken Thompson na Joe Condon wa Bell Labs waliiundia saketi maalumu za kutafuta hatua. Je, hiyo ni hila? Kwangu mimi, hapana. Aliyebuni saketi ametoa jasho sawa na aliyeandika programu, na kumnyang'anya mashine ni kumwondolea nusu ya kazi yake. Tena nguvu si ushindi: Hong Kong mwaka 1995, programu ya Fritz ikiwa kwenye kompyuta ya kawaida ya Pentium iliishinda Deep Blue ya majaribio, mtambo wa IBM.

Ubishi unakolea pale nguvu inapoweza kununuliwa. Beijing mwaka 2008, programu ya Rybka ilitwaa ubingwa ikiendeshwa na kompyuta kadhaa zilizounganishwa, jumla viini 40 (kiini ni sehemu ya prosesa inayopiga hesabu). (Kugawa hesabu kwa viini 40 bila kupoteza muda si kazi ndogo, tusiwaonee.) Mwaka uliofuata, Pamplona, ICGA, chama kilichokuwa kikisimamia ubingwa huo, kiliweka kikomo cha viini 8. Rybka ikaongoza tena. Kuanzia 2010 kukawa na mataji mawili: moja la mashine yoyote, jingine la programu kwenye mashine sawa.

Ungedhani mambo yameisha, lakini mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, ikavuruga hesabu yote. Programu ya Leela Chess Zero, ya aina hiyo, hupata nguvu zake kwenye kadi ya grafiki. Mpinzani wake Stockfish hutegemea prosesa. Ukiwapa wote prosesa tupu, Leela unamfunga miguu. Ukimpa kadi, utaipima dhidi ya viini vingapi? Kwa bei? Kwa umeme unaoliwa? Kila kipimo kina anayependelewa.

Mfano mzuri ni Desemba 2017, DeepMind, kampuni ya Google ya akili bandia, walipotangaza kwamba programu yao AlphaZero imeshinda Stockfish michezo 28 na kutoka sare 72, bila kupoteza hata mmoja. AlphaZero ilitumia chipu 4 za TPU, zilizotengenezwa na Google kwa ajili ya mitandao ya neva. Stockfish ilipewa nyuzi 64 za prosesa (yaani hesabu 64 zinazokwenda sambamba), lakini kumbukumbu yake ya kuhifadhi nafasi ilizokwisha kuzipima ilikuwa GB 1 tu. Kwa kasi ile hujaa upesi, na programu inaanza kufuta ilichokwisha kukijua. Juu ya hapo kila hatua ilifungiwa dakika moja, ilhali Stockfish imefundishwa kujigawia muda, ikae kwenye nafasi ngumu na kupita haraka kwenye nyepesi.

Mwaka 2018 walichapisha pambano jipya la michezo 1,000: kumbukumbu GB 32, viini 44, saa 3 kwa kila mchezo na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila hatua. AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6. Lawama za kumbukumbu na muda zikapungua. Viini 44 kwa TPU 4, hiyo bado ilibaki mezani.