Ukipanga kwenda Ruaha, anza na maji

Swali linalonifikia kuliko yote ni "simba wako upande gani?" Mtu hajapanga hata mwezi wa kusafiri, tayari anaulizia simba. Nimeongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha misimu mingi, na jibu langu ni lilelile: niambie unakuja lini, nami nitakuambia maji yatakuwa wapi. Simba tutawakuta hapohapo.

Ruaha ina msimu mmoja wa mvua, kama Novemba hadi Aprili. Kuanzia Juni vidimbwi vya porini hukauka kimoja kimoja na wanyama huanza kusogea mtoni. Shida ni kwamba mto wenyewe nao umechoka. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu huacha kutiririka kila kiangazi, kwa kuwa maji mengi huchepushwa huko juu, bonde la Usangu, kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Usangu ilipounganishwa na hifadhi mwaka 2008, lengo mojawapo lilikuwa kuokoa chanzo hicho. Ikifika Oktoba, yanabaki madimbwi tu, viboko wamebanana humo na tope mgongoni.

Ndiyo maana mchana wa kiangazi nawapeleka wageni Mwagusi, mto wa mchanga. Kwa macho hakuna maji kabisa. Tembo jike anafika, ananusa, anachimba kwa mguu wa mbele. Maji ya kwanza yana matope. Anayavuta kwa mkonga na kuyamwaga pembeni, kisha anasubiri shimo lijichuje. Ndama wake anapenyeza kamkonga, anasukumwa. Kundi likiondoka, nyani wanalirithi shimo, kisha ngiri. Haya yote yanaweza kula saa nzima, na aliyepanga kuzunguka vituo vitano kabla ya chakula cha mchana atayakosa.

Kwa hiyo panga siku chache za kuzunguka na nyingi za kukaa. Mimi sikubali chini ya usiku tatu. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, na ndani ya hifadhi mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, hivyo siku ya kwanza ihesabu kuwa ya barabara. Jaza tangi Iringa. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Nguo nazo. Ndorobo, wale nzi wanaouma, hupenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilivaa shati la bluu siku zangu za mwanzo kazini, wageni wakapumzika kabisa: ndorobo wote walikuwa wangu. Kaki isiyokolea inatosha.

Je, masika usije? Njoo, ila kwa sababu nyingine. Kati ya Januari na Aprili nyasi ni ndefu, tembo wametawanyika, na baadhi ya njia hazipitiki. Lakini ndege! Hifadhi ina zaidi ya aina 500, na wahamiaji wengi huwa wapo wakati huo. Mgeni wa Februari namwambia alete darubini nzuri. Wa Oktoba namwomba kofia, na asiniulize tunaondoka saa ngapi tukishazima injini pale Mwagusi.