Kwa kumalizia, tumeona kwamba hatujaona kitu

Rundo jingine la madaftari, na imani ileile: eti hitimisho la insha ya kulinganisha na kutofautisha ni utangulizi ulioandikwa upya kwa maneno mengine. Wapo walimu wenzangu wanaoiandika hivyo ubaoni kabisa. Nimechoka nayo.

Swali lilihusu Reli ya Kati na TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia. Utangulizi wanauweza, sina neno. Kiini nacho si haba. Zote zinaanzia Dar es Salaam. Ya kwanza Wajerumani waliianza 1905, ikafika Kigoma 1914. Ya pili ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Wapo waliokumbuka hata upana wa njia, milimita 1,000 kwa 1,067. Unasoma unafurahi, unageuza ukurasa, unakutana na hili:

“Kwa kumalizia, tumeona kuwa Reli ya Kati na TAZARA zinafanana katika mambo mengi na pia zinatofautiana katika mambo mengi. Hivyo basi, serikali haina budi kuzitunza reli zetu.”

Futa majina ya reli, weka ng'ombe na mbuzi. Aya inasimama palepale, na serikali haina budi kuitunza mifugo yetu. Nani aliuliza habari ya serikali?

Kwenye kiini mwanafunzi amepanga hoja zake kama askari wa gwaride, zote kimo kimoja. Kwenye hitimisho nataka aniambie ipi ni nzito, na kwa nini. Kwa mfano: “Reli zote mbili huteremsha mzigo bandari moja, lakini mfanano huo unaficha jambo kubwa zaidi, yaani nani aliuhitaji mzigo huo ufike baharini. Reli ya Kati ilitumikia mkoloni aliyetaka mali ghafi. TAZARA ilijengwa ili Zambia huru isilazimike kupitisha shaba yake kwa walowezi wa Rhodesia. Hata tofauti ndogo ya upana wa njia inaonyesha kwamba reli hizi hazikupangwa kama mtandao mmoja, kwa kuwa behewa la huku haliwezi kuingia kule hivihivi.” Sentensi nne. Mifugo haiingii humo hata ukiilazimisha.

Hapo ndipo ninapobishiwa: “Mwalimu, si ulisema tusilete hoja mpya?” Nilisema, na bado nasema. Lakini hoja mpya si sawa na wazo jipya. Ukinitajia kwenye hitimisho kwamba reli fulani ina madaraja mengi, na hukuyagusa kwenye kiini, hiyo ni hoja mpya, nakukata. Ukichukua upana wa njia ulioutaja aya ya nne, ukaufunga na nia ya wajenzi uliyoitaja aya ya pili, hujaleta kitu kutoka nje. Umeunganisha vilivyokuwa mezani. Wanafunzi tumewatisha kwa katazo hili mpaka wanadhani kufikiri kwenye aya ya mwisho ni kosa, na walio hodari ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaotii.

Suala la “kwa kumalizia” au “kwa kuhitimisha” halinishughulishi. Andika lolote.

Pia si kila jozi ina mshindi. Swali halikuuliza reli ipi ni bora, na hukumu ya kulazimisha inanichefua kuliko marudio. Kuna jozi ambazo jibu la haki ni kwamba inategemea unapimia nini. Basi mtu aseme anapimia nini.

Nisichokuwa na hakika nacho ni namna ya kulifundisha hili kwa mtoto anayehangaika na sentensi. Nimewahi kutoa kiunzi, “Ingawa zote mbili..., tofauti iliyo na uzito ni...”, na darasa zima likaandika hivyo, neno kwa neno, hata pale ambapo hiyo tofauti haikuwa na uzito wowote. Bila kiunzi wanarudi kwa serikali. Na alama za hitimisho ni chache, kwa hiyo anayekariri hapotezi nyingi, na yeye anajua hivyo. Kwa sasa nawapa kiini kilichokamilika, hitimisho nimelikata, waandike hilo tu. Wanalalamika kwamba ni gumu kuliko insha nzima.